Siku nzima Nara peke yangu, na kwa nini saa tatu hazitoshi

Binti Chumbageni (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna jambo limekuwa likinikereketa kwa muda mrefu, leo nimeona nilifungulie uzi. Karibu kila ratiba ya Japani ninayokutana nayo inaipa Nara mchana mmoja. Watu wanalala Kyoto, wanapanda treni saa nne, wanalisha kulungu, wanapiga picha mbele ya Buddha mkubwa, saa tisa wako kituoni wanarudi. Mimi niko Osaka kimasomo, na kutoka hapa hadi Nara ni dakika arobaini tu kwa treni, hivyo naenda kila nikipata nafasi. Kwa ninavyoujua ule mji, kuupa saa tatu ni kuunyima haki yake. Nenda asubuhi lango likifunguliwa, ondoka giza likishaingia. Na ukiweza, nenda peke yako.

Kwa wasioufahamu: mwaka 710 Malkia Genmei alihamishia makao ya utawala pale. Mji ukaitwa Heijo-kyo, ukapangwa kwa mitaa iliyonyooka kwa kufuata mfano wa Chang'an, mji mkuu wa nasaba ya Tang huko China. Ukabaki makao makuu hadi 784. Kyoto ilipofanywa mji mkuu mwaka 794, Buddha wa Nara alikuwa ameshakaa pale zaidi ya miaka arobaini. Watawala wakahama, mahekalu yakabaki na watu wake, na ndiyo maana leo unaweza kutembea kwa miguu kutoka jengo la karne ya 8 hadi jingine.

Nitawaeleza siku niliyokwenda Novemba, majani yalipokuwa mekundu. Nitaandika kwa vipande.

Nilipanda treni ya Kintetsu kutoka Osaka Namba, nauli yen 680. Ushauri wangu wa kwanza: kaa dirishani, na ukishapita kituo cha Yamato-Saidaiji weka simu mfukoni, kwa sababu reli inakatiza katikati ya uwanja wa kasri la kale. Upande wa kulia utaliona lango la Suzaku, lililojengwa upya mwaka 1998. Kushoto kwa mbali ni ukumbi mkuu wa kasri, uliokamilishwa upya 2010. Sehemu kubwa iliyobaki ni nyasi tupu. Chini ya nyasi hizo wanaakiolojia wamefukua makumi ya maelfu ya vibao vya mbao vyenye maandishi ya wino, na vingi ni lebo zilizofungwa kwenye kodi iliyoletwa kutoka mikoani: chumvi, mwani, samaki, mchele. Abiria wengi wanasinzia wakipita hapo.

Naendelea punde.

Njiapanda

Nimekaa siti ya mbele. Ila mleta mada, mimi nilipita Nara nikiwa kwenye mafunzo Japani na kwa kweli saa chache zilinitosha. Kulungu, Buddha, basi. Mahekalu ya kule ukishaona mawili matatu unaona yote yanafanana. Siku nzima utafanya nini?

Mkaa Likoni

Uzi mzuri huu. Dada (au kaka?), tuwekee na bei, wengine twapanga safari kwa kudunduliza.

Binti Chumbageni

Ni dada, Mkaa Likoni. Bei zinakuja. Njiapanda, swali lako ni la haki na ndilo lililonifanya nifungue huu uzi. Nipe nafasi, halafu uniambie kama bado yanafanana.

Kutoka kituo cha Kintetsu Nara mpaka hekalu la Todaiji ni kama dakika ishirini kwa miguu. Novemba ukumbi wa Buddha hufunguliwa saa mbili asubuhi. Nilifika mapema kidogo, mabasi ya watalii hayajaja, na lango kubwa la kusini, Nandaimon, lilikuwa na mzee mmoja anayefagia majani na kulungu waliolala chini ya nguzo.

Lango lenyewe lina urefu wa mita 25 kwenda juu. Mtawa aitwaye Chogen alilijenga upya mwaka 1199, baada ya la mwanzo kuanguka. Ndani yake, kushoto na kulia, wamesimama walinzi wawili wa mbao, kila mmoja zaidi ya mita nane. Mmoja kafungua mdomo, mwingine kaufumba. Ni kazi ya mwaka 1203 ya mafundi walioongozwa na Unkei na Kaikei, na walizimaliza kwa siku 69. Wengi hupita katikati wakikimbilia kwa Buddha. Mimi nilisimama upande mmoja mpaka macho yakazoea kivuli, ndipo nikaanza kuona mishipa kwenye shingo, vidole vya miguu vilivyokaza ardhi, na viungo vya mbao vinavyoonyesha pale kipande kimoja kinapokutana na kingine. Kila sanamu imeunganishwa kwa vipande kama elfu tatu.

Kisha Buddha. Kabla ya kumweleza alivyo, nieleze kwa nini yupo. Kati ya 735 na 737 ndui ilipita Japani ikaua watu wengi mno, wakiwemo ndugu wanne wa ukoo wa Fujiwara walioshika serikali. Kulikuwa na njaa na uasi pia. Mfalme Shomu, aliyekuwa Mbuddha wa dhati, akatangaza mwaka 743 kwamba itatengenezwa sanamu kubwa ya kuilinda nchi, na akaomba kila mtu achangie, hata kama ni unyasi mmoja au konzi ya udongo. Mtawa Gyoki, ambaye serikali hiyohiyo iliwahi kumzuia asihubiri kwa wananchi, ndiye aliyezunguka kukusanya michango. Mwaka 752 Buddha akafunguliwa macho: mtawa kutoka India aitwaye Bodhisena alishika brashi akachora mboni, na kwenye ile brashi zilifungwa kamba ndefu za hariri ambazo waliohudhuria walizishika, ili kila mmoja awe na mkono wake katika tendo lile.

Yule aliyepo leo ana urefu wa mita 15 akiwa ameketi, na ametengenezwa kwa shaba nyeusi. Moto na matetemeko vimempata mara kadhaa. Mwaka 855 kichwa kilianguka. Mwaka 1180 ukumbi ulichomwa vitani, 1567 ukachomwa tena, na baadaye akakaa nje kwenye mvua na jua kwa karibu miaka mia. Kichwa cha sasa ni cha karne ya 17. Kiwiliwili kina sehemu za karne mbalimbali. Ila nenda ukaangalie petali za ua la yungiyungi alilokalia: baadhi ni zilezile za karne ya 8, na juu ya shaba kumechorwa kwa patasi ulimwengu mzima wa Kibuddha, safu juu ya safu, kwa mistari myembamba sana. Ndani ya ukumbi kuna nakala ya petali moja iliyowekwa chini usawa wa macho. Hapo nilikaa muda mrefu kuliko mbele ya uso wake.

Seremala wa Keko

Binti, mimi ni fundi mbao, umri umekwenda, na safari ya Japani sina. Lakini hilo jengo nimeliona kwenye picha na halinitoki. Nieleze nguzo zake. Miti minene kiasi kile waliipata wapi?

Binti Chumbageni

Shikamoo mzee wangu. Nimefurahi umeuliza, maana hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda.

Ukumbi wa sasa ulikamilika mwaka 1709. Una upana wa mita 57 na kimo cha karibu mita 49. Ule wa mwanzo ulikuwa mpana zaidi, nafasi kumi na moja kati ya nguzo na nguzo. Huu wa sasa una saba. Sababu moja ni pesa, nyingine ni hiyohiyo unayoiuliza: miti mikubwa ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo nguzo unazoziona si gogo moja. Ni moyo wa mti katikati, ukazungushiwa mbao nene pande zote, kisha zikakazwa kwa mikanda ya chuma na misumari. Mikanda unaiona wazi. Ukisogea karibu unaona na mistari ya mbao zinapokutana, na pale mkono wa watu ulipopita miaka yote hii pamelainika na kung'aa.

Boriti mbili kubwa zinazobeba paa ni msonobari kutoka Kirishima, huko kusini kabisa katika kisiwa cha Kyushu, kila moja kama mita 23. Ziliburutwa mpaka baharini, zikapakiwa melini, zikapandishwa mtoni, kisha zikavutwa na watu na ng'ombe hadi Nara. Kulala na kuamka hao watu wanavuta boriti.

Nyuma ya Buddha kuna nguzo moja iliyotobolewa chini, na watoto hujipenyeza humo. Husemwa lina ukubwa sawa na tundu la pua ya Buddha.

Na lile lango la Nandaimon lingekupendeza zaidi. Pale nguzo ni miti mizima, na boriti za mlalo zimepitishwa katikati ya nguzo, zikatokeza upande wa pili, zikafungamana. Simama katikati uangalie juu: hakuna dari, unaona jengo zima linavyojishika lenyewe. Ni mtindo Chogen aliutoa China ya nasaba ya Song.

Seremala wa Keko

Marahaba binti. Boriti kupita ndani ya nguzo ndiyo inayozuia jengo lisiyumbe. Ukibandika pembeni, tetemeko likija linachomoa. Hao walijua kazi. Endelea.

Mkaa Likoni

Dada, hao kulungu hawana fujo? Nimeona video wakiwakimbiza watu.

Binti Chumbageni

Ni wanyama pori, ingawa wamezoea watu. Wapo zaidi ya elfu moja, na tangu 1957 wanalindwa kisheria kama hazina ya taifa ya asili. Imani ya hekalu la Kasuga ni kwamba mungu Takemikazuchi alikuja Nara kutoka Kashima akiwa amepanda kulungu mweupe, na tangu hapo kulungu ni wajumbe wake.

Wachuuzi wanauza biskuti maalumu za kulungu za pumba za mchele na unga, fungu nililonunua lilikuwa yen 200. Ukishanunua tu, wanajua. Jike mmoja alinijia akainamisha kichwa, akainua, akainamisha tena, pua imelowa, macho hayatoki mkononi mwangu. Wageni wanasema ni adabu. Ukweli ni kwamba anaomba, na ukimcheleweshea atakuvuta koti au kukugonga kiunoni. Mpe haraka, moja moja, na zikiisha muonyeshe viganja vyote viwili vitupu. Ataondoka. Vuli madume ni wakali kwa sababu ni msimu wa kupandana. Wengi hukatwa pembe mwezi Oktoba, desturi iliyoanza mwaka 1672. Mei na Juni majike wana watoto, usimsogelee mtoto hata akiwa peke yake kwenye nyasi.

Na jambo hili nawasihi kwa dhati: usiwape chakula kingine chochote na usiache mfuko wa plastiki. Mwaka 2019 walipatikana kulungu waliokufa wakiwa na kilo za plastiki tumboni. Uchafu wako beba mwenyewe hadi kituoni.

Njiapanda

Haya, mpaka hapa ni saa ngapi? Maana hayo niliyapitia yote mimi.

Binti Chumbageni

Ilikuwa saa nne asubuhi. Ndipo mabasi yalipoanza kumwaga watu, na ndipo nilipoondoka kwa nyuma, njia ambayo karibu hakuna anayeifuata.

Kaskazini ya ukumbi wa Buddha, dakika chache, kuna Shosoin. Ni ghala la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo fupi, urefu wake mita 33, kuta zake ni magogo ya pembe tatu yaliyolazwa moja juu ya jingine bila madirisha. Unaliona kwa nje tu, siku za kazi, bila malipo, kwa saa chache kuanzia saa nne. Tulikuwa watu wanne pale. Mtu akitazama haraka ataona ghala la nafaka.

Mwaka 756 Mfalme Shomu alifariki. Zilipotimia siku 49 za msiba, mjane wake, Malkia Komyo, alivitoa vitu vya mumewe kwa Buddha, zaidi ya mia sita, pamoja na orodha iliyoandika kila kitu na vipimo vyake. Vikaingizwa humo. Vyombo vya kioo vya namna ya Uajemi, ala za muziki, mavazi, dawa, michezo ya bao, silaha. Ipo zumari, ipo gambusi ya nyuzi tano iliyopambwa kwa lulu za kombe, na juu yake kachorwa mtu aliyepanda ngamia akipiga gambusi. Ngamia, Japani, karne ya 8! Ile brashi ya Bodhisena ipo. Kamba ya hariri ya buluu waliyoishika watu mwaka 752 nayo ipo. Vitu vingi vya kale duniani tunavipata kaburini au ardhini. Hivi havikuzikwa, vilikaa juu ya rafu, na watu wakavikagua kizazi baada ya kizazi. Siku hizi viko kwenye ghala la kisasa jirani, na kila vuli vichache hutolewa kuonyeshwa katika Makumbusho ya Taifa ya Nara kwa kama wiki mbili, desturi iliyoanza 1946. Tiketi unanunua mapema.

Kutoka hapo nilipita chini ya kilima cha Wakakusa mpaka Kasuga Taisha. Njiapanda, ulisema mahekalu yanafanana. Todaiji ni ya Kibuddha: sanamu, ukumbi mkubwa, shaba. Kasuga ni ya Kishinto, dini ya asili ya Wajapani: hakuna sanamu ya kutazama, ni msitu, rangi nyekundu na makandili. Lilianzishwa 768 na ukoo wa Fujiwara. Nyuma yake ni msitu wa mlima Kasuga ambao ukataji miti umekatazwa tangu 841. Majengo yake hukarabatiwa kila baada ya miaka 20, kwa hiyo daima kuna fundi aliyewahi kuifanya kazi na kijana anayejifunza kwake. Makandili ni kama elfu tatu, ya mawe njiani na ya shaba kwenye paa, kila moja limetolewa na mtu aliyekuwa na ombi lake. Yale ya mawe yameota kuvu la kijani, mengine yameinama, na kulungu hutoa vichwa kati yake. Yote huwashwa Februari na katikati ya Agosti. Ukija siku nyingine, kuna chumba kimoja kilichotiwa giza ambamo baadhi huwaka muda wote. Ingia humo ukae dakika tano, na hapo ndipo kuwa peke yako kunakusaidia: hakuna anayekuita "twende."

Mkaa Likoni

Dada, samahani kwa swali. Mimi ni Muislamu. Kuingia sehemu hizo yawezekana? Na chakula je?

Binti Chumbageni

Mimi pia ni Muislamu, ndugu yangu, nimelelewa Tanga, kwa hiyo nakueleza ninavyofanya mwenyewe. Kila mtu atafuata alichofundishwa. Naingia kama mgeni anayejifunza historia. Nalipa kiingilio (Todaiji nililipa yen 800), natazama, nanyamaza, sipigi picha pasiporuhusiwa. Sifukizi ubani wala kuinama, na hajawahi mtu kuniuliza kwa nini. Adhuhuri na alasiri nasali pembeni kwenye bustani, mahali pasipo na njia ya watu. Kibla kutoka huku ni magharibi, ukielekea kaskazini kidogo. Msikiti wa zamani kuliko yote Japani uko Kobe, tangu 1935, nao unafikika kwa treni ukikaa Osaka.

Chakula: tambi za ramen ziepuke kwa sababu supu nyingi ni ya nguruwe. Uliza pia kuhusu pombe ya mchele, huitia kwenye michuzi mingi. Mimi mchana nilikula kakinoha-zushi, ambacho ndicho chakula cha wenyeji hasa. Ni bonge la wali wenye siki, juu kipande cha samaki aliyekolezwa chumvi, kibua au samoni, vikafungwa kwa jani la mti wa matunda ya kaki na kukandamizwa. Unafungua jani, unakula kilichomo. Harufu ya jani inaingia kwenye wali kidogo sana. Nara haina bahari. Vibua vilitiwa chumvi pwani ya Kumano na kubebwa kuvuka milima, kama papa na ng'onda wetu wanavyopandishwa kutoka pwani kwenda bara. Siki yenyewe nayo, anayejali sana aulize dukani imetengenezwaje.

Mkaa Likoni

Shukran sana dada. Kibua nakijua vizuri mimi.

Mama Wawili

Mdogo wangu, hongera. Mwanamke peke yake kutwa nzima, hadi giza, huogopi? Na lugha?

Binti Chumbageni

Dada yangu, kwa usalama nimetulia kabisa. Njia kuu za bustani zina taa, watu wanashuka kutoka Nigatsu-do, ukumbi wa Todaiji ulioko mlimani, mpaka usiku. Ninachochunga ni vichochoro vya msituni baada ya jua kuzama, huko siingii, na tochi ya simu huwa imejaa chaji. Lugha: vibao vya vituo na mahekalu vina Kiingereza, na wenye maduka wazee hawakisemi sana ila wanakuchorea, wanakupeleka mpaka kona. Jifunze salamu na shukrani zao, inatosha. Begi kubwa liache kwenye makabati ya kulipia kituoni. Beba sarafu, maduka madogo bado yanataka pesa taslimu.

Mchana nilipita Naramachi, mtaa wa wafanyabiashara wa zamani, nyumba nyembamba kwa mbele na ndefu kwa nyuma, na kimiani za mbao madirishani. Nje ya milango kumetundikwa nyani wadogo wekundu wa kitambaa, inaaminika hupokea mabaya kwa niaba ya wenye nyumba. Ni mtaa wa kutembea taratibu, sitaueleza zaidi.

Ninachotaka kueleza ni hekalu la Kofukuji. Pagoda yake ya ghorofa tano, mita 50, iliyojengwa upya 1426, kwa sasa imefunikwa kwa matengenezo makubwa, na wengi wakiona jukwaa la mafundi wanaghairi. Msighairi. Ingieni jumba la hazina mkamwone Ashura.

Ni sanamu ya mwaka 734, kimo sentimita 153, sawa na binti wa shule. Nyuso tatu, mikono sita myembamba. Katika hadithi za India Ashura ni roho ya vita, lakini huyu hana silaha. Uso wa mbele umekunja nyusi kidogo tu, kama mtu aliyeambiwa jambo akawa bado analitafakari. Wa kushoto anauma mdomo. Malkia Komyo, yuleyule wa Shosoin, alijenga ukumbi wake kwa ajili ya kumbukumbu ya mama yake aliyefariki mwaka uliotangulia. Na kwa mzee Seremala: si mbao. Walifinyanga udongo, wakauzungushia vitambaa vya kitani vilivyoloweshwa kwa utomvu wa mti wa urushi, tabaka juu ya tabaka, ukikauka wakautoa udongo ndani, wakaweka fremu ya mbao. Ni tupu ndani, nyepesi, na ndiyo maana moto ulipokuja watawa waliweza kuikimbiza nje. Ukumbi ukaungua, Ashura akabaki.

Nilisimama pale mpaka kundi la wanafunzi likaja, likaondoka, na jingine likaja. Ningekuwa na wenzangu tungekaa dakika mbili.

Njiapanda

Hilo jumba sikuingia. Shosoin sikuijua kabisa. Nimekuelewa hoja yako sasa. Kwa hiyo jioni?

Binti Chumbageni

Jioni nilirudi juu, Nigatsu-do, ukumbi wa Todaiji uliojengwa mlimani na wenye baraza la mbao linalotazama magharibi. Hakuna kiingilio na haufungwi. Novemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja, nyuma ya milima ya Ikoma, na chini yako ni paa la ukumbi wa Buddha na mji wote.

Lakini msiende kwa machweo tu. Kila mwaka, tangu Machi 1 hadi 14, watawa kumi na mmoja hufanya hapo ibada ya Shuni-e ya kutubu kwa niaba ya watu wote. Imefanywa kila mwaka tangu 752, haijawahi kukatizwa, hata mwaka ule ukumbi mkubwa ulipoungua, hata vitani. Usiku mienge mikubwa ya mianzi hupandishwa ngazi na kukimbizwa juu ya baraza hilohilo, cheche zikiwamwagikia waliosimama chini. Ukumbi wenyewe uliwahi kuungua mwaka 1667 wakati wa ibada, wakaujenga upya 1669, na mienge wakaendelea nayo.

Nimefika kituoni saa moja na nusu usiku. Gharama: nauli kwenda na kurudi yen 1,360, Todaiji 800, kulungu 200, juu yake viingilio vya Kasuga ndani na Kofukuji, na chakula. Basi sikupanda hata mara moja.

Seremala wa Keko

Binti, kijana wangu wa pili naye ni fundi, na amepata nafasi ya mafunzo huko mwakani. Akipata siku moja tu ya kutazama mbao, aende Nara hiyohiyo?

Binti Chumbageni

Hongera kwake mzee. Kwa fundi mbao ningempa Horyuji asubuhi, Nara mchana. Horyuji iko Ikaruga, nje kidogo ya mji. Hekalu lilianzishwa 607, likaungua 670, likajengwa upya, na ukumbi wake na pagoda yake ndiyo majengo ya mbao ya zamani kuliko yote yaliyosimama duniani. Nguzo ya katikati ya pagoda ilipimwa kwa kuhesabu pete za mti, ikaonekana ulikatwa mwaka 594. Ni hinoki, jamii ya saipresi. Mwambie aziangalie nguzo za korido, zimenenepa katikati na kupungua juu, na aziguse pale panaporuhusiwa.

Akitoka Osaka kwa reli ya JR, treni ya haraka ya Yamatoji inasimama Horyuji kabla ya kufika Nara, ni kama dakika kumi na mbili kati ya vituo hivyo viwili. Ashuke hapo kwanza, atembee dakika ishirini, kisha arudi kituoni aendelee kwa treni ya njia ileile hadi Nara. Saa saba awe chini ya lile lango la Nandaimon, anatazama juu.